Mchaichai wa Kichwa Chini

"Sisemi," alisema Dada Samruai. "Hata mkininyima wali mwezi mzima, sisemi."

"Bibi Mkubwa, ni maneno manne tu," alisema Makham. "Ule mchaichai niliung'oa mimi. Basi. Halafu unarudi kulala."

"Kwani niliung'oa?"

"Hukuung'oa."

"Basi hayo si maneno manne. Ni dhambi moja."

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua vitunguu, na sikuingilia. Ugomvi mzuri haupatikani kila siku, na mvua ilikuwa imetufungia ndani tangu asubuhi. Makham ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Dada Samruai ni dada yangu tumbo moja, kanitangulia kuzaliwa na hajawahi kuniacha nisahau. Tunaishi watatu katika nyumba ya mbao nje kidogo ya mji wa Phetchaburi, katikati ya mivumo, miti mirefu kama minazi iliyokosa adabu, na tunapika sukari kwa maji yake. Siku ile Mwalimu Wiyada wa chuoni alikuwa njiani kuja kwetu. Kama Dada asingesema jambo la kumsafisha Mwalimu, huenda Makham asingemaliza chuo.

"Mimi nitasema," niliwaambia.

Wote wawili wakanigeukia.

"Wewe ulishasema, Bibi," alisema Makham. "Ndiyo maana tumefika hapa."

Hapo ana haki. Acha wagombane kidogo, hawataisha leo, nami nikueleze mtoto huyu ni wa namna gani.

Makham alizaliwa jikoni. Mama yake, Orathai, alikuwa anakoroga sukari kwenye karai kubwa uchungu ukamshika, na kwa kuwa sukari ikishafika pale haiachwi, alikoroga kwa mkono mmoja na kuzaa kwa mkono wa pili. Sukari ya siku ile haikuungua. Mtoto alipolia, nyuki wa tarafa nzima walikuja wakatua dirishani kusikiliza, wakaondoka kwa mstari. Dada Samruai atakwambia mtoto alizaliwa hospitali mchana kweupe, na kwamba nyuki hawakuwepo. Dada Samruai hajui kufurahia maisha.

Orathai alikwenda Taiwan kufanya kazi kiwandani, mtoto akaniachia mimi. Nilimlea kwa wali, samaki na maneno. Siku moja, akiwa bado na pengo la meno ya mbele, nilimwachia meza yetu ya sukari kando ya barabara nikaenda kuoga. Kuna vidonge vya sukari vinavyotoka vimepinda, ambavyo mimi huvificha chini ya kikapu. Niliporudi, alikuwa ameviweka mbele kabisa na kuandika kwenye kadibodi: HIVI BIBI HUTUWEKEA SISI WENYEWE. Vilikuwa vimekwisha. Bwana mmoja wa Bangkok alikuwa amesimama pale akiomba tumtafutie vingine, hata kama vimepinda zaidi.

"Huo si uongo, wewe?" nilimwuliza.

"Si hutuwekea sisi, Bibi? Kwa kuwa watu hawavinunui?"

Ilikuwa kweli tupu. Nilimtazama mtoto yule kwa heshima, na nikamwogopa kidogo.

Kwa hiyo alipomaliza sekondari akasema anakwenda kusomea mawasiliano ya masoko na biashara bunifu, sikushangaa, ingawa nilijifanya nimeshangaa ili anieleze. Akasema ni kujua bidhaa yako ni ya nani, useme nini juu yake, useme kwa mdomo wa nani, na watu wakilala wakumbuke nini.

"Hayo hata Lamduan muuza tambi anayajua," nilimwambia.

"Anayajua bila cheti, Bibi."

Alikuwa anarudi jioni na maneno mapya kama mtu anayerudi na kupe. Mnunuzi akawa hayupo tena, akawa mlengwa. Sukari ikawa haipo tena, ikawa ahadi. Hesabu za takwimu zilimwangusha mara mbili, akalia, akala embe, akazirudia, akapita. Mwaka wa mwisho wakatakiwa kuchukua bidhaa ya kwao, waipe jina, waipe sura, waitambulishe kwa watu hadharani, na kwa kazi hiyo ndipo mtu humaliza au humaliziwa. Yeye na wenzake, wasichana wanne kwa jumla, wakachagua sukari yetu.

Akanihoji: sukari hii ina hadithi gani? Nikampa ya babu yake aliyepanda mvumo mrefu mpaka rubani akamwuliza njia ya kwenda Singapore. Nikampa ya mamba wa mtoni aliyekuwa ananishikia mwavuli nikifua. Nikampa ya mtawa aliyeonja kidonge kimoja akasahau sala. Akaandika zote, akapeleka kwa Mwalimu Wiyada. Zikarudi na wino mwekundu: *Chagua moja iliyo kweli.*

Tulikaa jikoni tukiitafuta hiyo ya kweli. Mwishowe tukaipata moja, kwamba sukari yetu hukorogwa polepole. Ndiyo Makham akaipa jina Tamu Polepole, akaagiza utepe wa njano wenye maneno hayo, mzigo mzima, tukafunga hata mkia wa paka.

Huyu Mwalimu Wiyada ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, miwani yake inaning'inia kwenye mnyororo, hajaolewa na hajaulizwa kwa nini na mtu aliyerudia kuuliza. Alisomea Ulaya. Kila Jumamosi alikuwa anakuja soko la hekaluni kununua sukari kwetu, na hakuwahi kuomba apunguziwe. Uongo anauchukia kuliko mende. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana kwa umbali wa kutosha.

Siku ya kuitambulisha sukari ikawekwa katikati ya Mei, uwanja wa hekalu. Wazo la Makham lilikuwa kujenga mvumo mzima kwa vidonge vya sukari, shina, makuti, matunda, urefu wa kumpita mtu mzima, watu wapige picha. Ulikuwa mzuri. Ndege mmoja alikuja na nyasi mdomoni kuanza kiota. Tatizo ni kwamba katikati ya Mei, mvua kwetu ni kama wifi: haipigi hodi.

Sasa, ukitaka mvua isubiri shughuli yako iishe, unapanda mchaichai kichwa chini, majani udongoni, shina jeupe juu. Na anayepanda awe mwanamke ambaye hajawahi kulala kitanda kimoja na mwanamume. Hata harusi za matajiri hufanya hivyo, hata vyuo. Mvua isipokuja, hongera yake. Ikija, macho yote kwake.

Asubuhi ile mchaichai ulikuwepo, mashina matatu, yamefungwa utepe wa njano. Wa kuyapanda ndiye hakupatikana. Msichana wa kwanza akasema mkono wake unauma. Wa pili akasema mama yake amemkataza kugusa udongo Jumamosi. Wa tatu akasema mchaichai humtoa vipele, na jana yake tu nilimwona anakunywa supu ya mchaichai bakuli mbili. Makham akasema hawezi, yeye anashughulikia vipaza sauti. Sikuuliza zaidi. Bibi mwenye akili hamuulizi mjukuu mambo ya vipaza sauti.

Wakasimama pale, mchaichai unapita mkono kwa mkono kama mtoto aliyejikojolea, mpaka ukamrudia Makham. Mwalimu Wiyada akapita na saa yake.

"Mnangoja nini?"

Makham akamwonyesha mchaichai.

"Nipe," alisema Mwalimu. "Tunachelewa."

Akauchukua mkononi mwa Makham, akaenda nyuma ya banda la ngoma, akaupanda. Huyu ni mtu asiyefanya kitu nusu. Aliusimamisha wima, akakanyagia udongo kwa kiatu, akapangusa mikono, akarudi kwenye saa yake. Lamduan, aliyekuwa anakaanga tambi langoni, aliona yote, na tambi zake hazikuungua, maana Lamduan ana jicho moja la kazi na jingine la watu.

Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Mwenyekiti wa kijiji akapanda jukwaani. Alikuwa amesema "Ndugu zangu" tu, tone la kwanza likaingia mdomoni mwake, akalimeza.

Mvua ile sijawahi kuona. Mvumo wetu wa sukari ulianza kuinama kama mtu anayeomba radhi, ukakaa chini, ukatiririka mpaka bwawa la hekalu. Kambale wa bwawa lile walinenepa hata wakawa wanatoka kupumzika kwenye ngazi. Mbwa wa watawa walilala siku nzima wametabasamu. Lakini hakuna aliyeutazama mvumo, na hakuna aliyetazama mbingu. Watu wote, wamejibana kwenye ukumbi na maji yanawatoka masikioni, walikuwa wanamtazama Mwalimu Wiyada.

Lamduan ndiye aliyesema. Hakupaza sauti, ila Lamduan hana sauti ndogo.

"Kumbe Mwalimu naye."

Ikatosha. Kufikia jioni yake maneno yale yalikuwa salamu. Watu wakikutana sokoni, mmoja anasema "Kumbe Mwalimu naye," mwingine anaitikia "Nani angedhani." Chuoni mtu asiyejulikana alimwekea shina la mchaichai mezani. Makham anasema Mwalimu aliliangalia, akalitia kwenye glasi ya maji, akaendelea kufundisha. Jumamosi iliyofuata hakuja kununua sukari. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu ya Makham: *Nitafika kwenu Alhamisi kuzungumza ana kwa ana kuhusu kazi yenu.*

"Alama nzuri hutumwa kwa simu," Makham aliniambia. "Mbaya ndizo huletwa ana kwa ana."

Na Orathai alikuwa ameshaomba likizo Taiwan, ya kwanza tangu aende, aje amwone binti yake na joho.

Nilifanya ambalo bibi yeyote angefanya. Nilikwenda kwa Lamduan nikamwambia, bila kupepesa, kwamba mchaichai ule niliung'oa mimi kabla ya hotuba kwa ajili ya supu, kwa hiyo Mwalimu hana kosa, mvua ilikuta njia wazi. Ungeaminika kabisa, ule uongo. Baada ya mvua hakuna mtu aliyekwenda nyuma ya banda la ngoma kuangalia. Mchaichai uliofeli haukaribiwi, una mkosi. Lamduan akaendelea kukoroga tambi zake.

"Na yule mamba wako, Bi Prayong," aliniuliza, "yeye alikunywa supu pia, au alikuwa anashika mwavuli?"

Waliokuwa wanakula walicheka mpaka wakaomba maji. Na ikawa mbaya zaidi, maana kesho yake ilisemwa kwamba jambo la Mwalimu lazima ni kubwa, kama hata Prayong ameitwa kulifunika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita miaka sabini na bado sijaona mwisho wake, lakini siku ile niliona kona.

Basi ndiyo ukawa ugomvi wa Alhamisi.

"Chuoni tunasema ujumbe ni nusu," Makham alikuwa anamweleza Dada. "Nusu ya pili ni anayeusema. Bibi alisema jambo zuri kabisa, ila alilisema Bibi."

"Ahsante," nilisema.

"Wewe, Bibi Mkubwa, ukisema jua ni la kijani, Lamduan atafunga banda akanunue miwani."

Hilo halina ubishi. Dada yangu ameshika amri tano za Buddha tangu akiwa msichana, na ile ya nne, ya kutosema uongo, ameishika kwa mikono miwili. Alimwambia mkuu wa hekalu kwamba mahubiri yake ni yale yale ya mwaka jana, isipokuwa ya mwaka jana yalikuwa mafupi. Mumewe alipougua, marehemu, alimwuliza kama atapona. Dada akamwambia daktari amesema mpaka Jumanne. Akafa Jumatatu, nadhani kwa kuona haya kusubiriwa.

"Siivunji amri kwa ajili ya mvua ya watu," alisema Dada. "Mwalimu mwenyewe angekataa."

"Kuna na ya pili, ya kuiba," nilimkumbusha. "Mwaka ule wa mapera ya jirani."

"Yalianguka upande wetu."

"Uliutikisa mpera."

"Niliuegemea. Nilimwambia jirani niliuegemea, na akakubali."

"Uliuegemea kwa nguvu gani?"

"Hakuniuliza."

Makham aliyasikia hayo. Alimtazama Dada kwa namna alivyotazama vile vidonge vilivyopinda akiwa mdogo. Kisha akainuka.

"Tule kwanza," alisema. "Mgeni akija atukute tumeshiba."

Hapo ningepaswa kushtuka. Makham hapiki. Mtoto huyu aliwahi kuunguza yai la kuchemsha. Lakini akatuletea kachumbari ya mchaichai, imekatwa nyembamba kama kucha za mtoto, na vitunguu, dagaa kamba wakavu, karanga, ndimu, pilipili ya kutosha. Huo ndio udhaifu wa Dada Samruai hapa duniani. Mimi nilisema nina vitunguu vya kumaliza. Dada akasema hana njaa, akavuta sahani.

Alikula. Akala tena.

"Mchaichai wake mkavu kidogo," alisema.

"Ulikaa nje," alisema Makham.

"Lakini umekatwa vizuri. Nani kakufundisha?"

"Niliangalia kwenye simu."

Dada alipofika nusu ya sahani, Makham akatia mkono mfukoni, akatoa kitu, akakiweka mezani karibu na kijiko. Ulikuwa utepe wa njano, una matope.

"Nini hiki?"

"Utepe, Bibi Mkubwa."

"Naona ni utepe. Umeandikwa Tamu Polepole. Huu si ndio ule mliofunga kwenye ule..."

Dada akaacha kutafuna. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mahali fulani nje kuku alikuwa analalamika.

"Umekula, Bibi Mkubwa?"

Mtu mwingine angekana. Dada alitazama sahani, akatazama utepe.

"Nimekula," alisema.

"Umekula nini?"

"Umenilisha mkosi wa kijiji kizima."

"Niliung'oa mwenyewe alfajiri, ili mtu akichungulia asiukute, nikauosha mpaka ukachoka. Wewe umeula. Sasa niambie uongo uko wapi."

Nikaweka kisu chini. Kuna siku mtu anajua kwamba damu yake haikupotea bure.

"Uongo uko hapa," alisema Dada. "Nimeula leo. Mvua ilinyesha Jumamosi ile."

"Nani amekuuliza siku?"

"Lamduan ataniuliza."

"Lamduan hajawahi kuuliza swali ambalo hajalijibu mwenyewe," nilisema.

"Wewe nyamaza, Prayong. Makham, unajua vizuri watu watafikiri nini."

"Watakachofikiri ni chao. Amri inasema usiseme uongo. Haisemi umalize kila sentensi."

"Hayo ndiyo mnayofundishwa?"

"Mwaka wa pili. Na alitufundisha Mwalimu Wiyada mwenyewe. Mtu wa masoko hasemi uongo, anajua pa kuweka nukta. Na wewe unajua, Bibi Mkubwa. Ulimwambia jirani uliegemea mpera, ukaweka nukta."

Dada alifungua mdomo akaufunga. Nimeishi naye maisha yangu yote, na ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu akimfanyia hivyo bila kumtukana.

"Unafanya haya kwa ajili ya alama," alisema mwishowe, sauti ikiwa chini.

"Kwa ajili ya alama pia. Sikufichi. Mama ameshaomba likizo." Makham alikuwa anakunja utepe na kuukunjua. "Lakini hata akininyima. Mchaichai ule ulikuwa mkononi mwangu, Bibi Mkubwa. Ni mimi niliyempa. Sisi wote tuliogopa watatucheka, yeye hakuogopa, akaupokea. Sasa akipita watu wanashika midomo. Anazunguka nyuma ya soko kwenda kituoni, nimemwona. Na mvua hii."

Dada akamgeukia.

"Na wewe kwa nini hukuupanda?"

"Nilikuwa na vipaza sauti."

"Makham."

"Ndiyo, Bibi Mkubwa."

"Kwa nini hukuupanda?"

"Hapo," alisema Makham, "ndipo nilipoweka nukta."

Mimi niligeukia vitunguu, nikalia kidogo, kwa sababu ya vitunguu. Dada akavuta pumzi ndefu ya kuanza hotuba ambayo najua ingefika mpaka kwa mama yetu mzazi na vitanda vya enzi zake, na hakika alikuwa ameshasema "Enzi zetu sisi," ndipo ngazi ikalia.

"Hodi jamani, hodi," ilikuwa sauti ya Lamduan. "Nimewaletea mgeni wenu. Alikuwa ameipita njia, nikamwambia twende nikufikishe, mimi sina kazi." Alikuwa na kazi. Alikuwa amefunga banda.

Mwalimu Wiyada aliingia nyuma yake, mwavuli unachuruzika, viatu mkononi. Akatuamkia viganja vimekutana, mmoja mmoja, kwa mpango wa umri. Alivaa miwani. Akaona sahani. Akaona utepe wa njano wenye matope karibu na kijiko.

"Huu utepe naufahamu," alisema.

Lamduan alinyoosha shingo mpaka nikahofia itabaki hivyo.

Dada Samruai akameza. Akapangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa, akakaa wima kama siku za hekaluni.

"Mwalimu," alisema, "ule mchaichai nimeula mimi."

Lamduan akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Dada alishika kijiko, akakusanya kachumbari yote iliyobaki sahanini, akaitia kinywani kwa mara moja, akaanza kutafuna, macho yake kwa Lamduan.

Mwalimu Wiyada alitazama sahani tupu. Akatazama mashavu ya Dada. Kisha akamgeukia Makham, akamtazama kwa muda, kama anavyotazama karatasi ya mtihani yenye jibu refu, na sikuweza kusoma alichokuwa anakiandika.

"Polepole, Bibi," alimwambia Dada. "Usije ukapaliwa."